Treni ya Tatu Kupita Itundwe

Mzee Lukumani alipenda kusimulia habari za vita vya Kagera, na watu wa mtaa wake wa Isevya, mjini Tabora, walipenda kumsikiliza kwa sababu hakuzisimulia kama askari. Hakupata kushika bunduki hata siku moja. Mwaka 1978 alikuwa mkuu wa stesheni ndogo ya Itundwe, kwenye reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, na vita alivyovijua yeye vilikuwa vya simu, bendera na saa ya ukutani.

"Askari hafiki vitani kwa kutamani," alikuwa akisema. "Lazima apelekwe. Magari yake yapelekwe, unga wake upelekwe, risasi zake zipelekwe. Na reli ilikuwa moja tu. Kila kilichokwenda ziwani kwa treni kilipita mbele ya mlango wangu."

Babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi wa misafara, aliyebeba pembe begani kutoka Tabora hadi pwani. Lukumani aliona fahari kwamba kazi ileile ya kusafirisha watu na mizigo imempa riziki na yeye, bila kubeba kitu begani. Wiki ile ya kwanza ya Novemba zilipita treni tisa za jeshi, na hakuna hata moja iliyochelewa mikononi mwake. Alipofika hapo watu walitikisa vichwa, wakamwongeza kahawa.

Kulikuwa na treni moja ambayo hakuitaja kamwe. Mkewe, Bi Mwanajuma, aliijua, kwa kuwa naye alikuwapo, lakini hata yeye hakuitaja.

Mwezi wa Mei, wakulima walipokuwa wakianza kuuza tumbaku, mwanamke mmoja alifika nyumbani kwao saa sita mchana. Alikuwa wa makamo, amevaa gauni la kitenge na kufunga kilemba, na mkononi alishika kipande cha karatasi. Bi Mwanajuma alikuwa barazani akichagua mchele kwa vidole, maana macho yake yalikuwa yamepungua nuru.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Naitwa Apolinaria. Nimetoka Sikonge asubuhi hii. Namtafuta mzee Lukumani, aliyekuwa mkuu wa stesheni ya Itundwe wakati wa vita. Mstaafu mmoja pale stesheni ya mjini ndiye aliyenielekeza."

"Ni mume wangu. Ameenda msikitini, hatakawia." Bi Mwanajuma akamsogezea kigoda. "Una shida gani na Itundwe, mwanangu? Siku hizi hata treni hazisimami pale."

"Nimezaliwa pale."

Vidole vya Bi Mwanajuma vikasimama ndani ya ungo.

"Mwaka gani?"

"Sabini na nane. Mwezi wa kumi na moja."

Bi Mwanajuma akauweka ungo chini, taratibu, mchele usimwagike. Akanyoosha mikono miwili mbele. "Sogea hapa," alisema. Apolinaria akasogea, na yule mama akamshika uso, akapitisha vidole gumba kwenye nyusi zake, kisha puani, kisha kidevuni.

"Mimi ndiye niliyekupokea," alisema hatimaye. "Ulitoka mguu mmoja ukitangulia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sijawahi kumzalisha mtu. Nilikufunga kwa kanga yangu."

Lukumani aliporudi aliwakuta wameshikana mikono, wote wawili macho mekundu. Alipoambiwa mgeni ni nani, alikaa kwenye kizingiti cha mlango.

Apolinaria alimwamkia, akaitikia. Kisha mgeni akaeleza kilichomleta.

Baba yake, Emilian, alikuwa askari wa kikosi cha Tabora. Mama yake, Flavia, alikuwa akikaa kwa wakwe upande wa Bukene, akiwa na mimba ya miezi minane. Redioni walisikia vita vimetangazwa. Flavia akasema hawezi kukaa mume aende vitani bila kuonana naye. Mama mkwe, Bibi Recheli, alijaribu kumzuia, akashindwa, akaamua kumsindikiza. Wakapanda treni ya abiria iliyotoka Mwanza. Yaliyobaki Bibi Recheli aliyasimulia kwa ufupi sana: treni ilizuiwa Itundwe, mama akajifungua, akafa, akazikwa kando ya reli. Mtoto akalelewa na bibi huyohuyo.

"Baba aliporudi kutoka Uganda alinikuta nimeshaanza kutembea," Apolinaria alisema. "Alituchukua mimi na bibi, akahamia Sikonge. Watu walimuuliza kwa nini anaacha shamba la wazazi wake. Hakuwajibu. Nilipokuwa mkubwa aliniambia mwenyewe: alichagua Sikonge kwa sababu hakuna reli. Tangu vita viishe hakupanda treni, na hakutaka niende Itundwe. Nami nikamheshimu. Amefariki Januari hii. Sasa nataka kuliona kaburi la mama, nimwekee msalaba. Ni hilo tu, wazee wangu."

"Tutakupeleka," alisema Bi Mwanajuma. "Kesho asubuhi."

Lukumani alikubali kwa kichwa. Laiti mgeni angeishia hapo, pengine na yeye angeishia hapo. Lakini Apolinaria aliendelea, kwa sauti ya mtu anayewaza.

"Baba aliniambia jambo moja kabla hajafa. Alisema walipokuwa wakienda Mwanza walipita stesheni ndogo, mchana wa saa saba, wakaiona treni ya abiria imesimama pembeni, madirisha yote yamefungwa. Jua lilikuwa kali. Wenzake wakacheka, wakasema hawa raia wanalala mchana kweupe na nchi iko vitani. Baba naye akacheka. Akaja kujua baadaye, kwa bibi, kwamba mama alikuwa ndani ya treni ile. Alisema kile kicheko ndicho kilichomshinda kukisahau."

Bi Mwanajuma alikuwa akifuta macho kwa upindo wa kanga. Lukumani alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena.

"Ni mimi niliyeyafunga," alisema.

"Ilikuwa amri," mkewe akamwambia. "Ulipigiwa simu. Usijitwishe."

"Amri ya kufunga ilikuwa amri. Kuna jingine." Akainua uso kumtazama Apolinaria. "Mwanangu, nisikilize, na mama huyu asikilize, maana na yeye halijui."

Akawasimulia.

Itundwe haikuwa na mji. Palikuwa na jengo la stesheni la vyumba viwili, nyumba yake, kambi ya vibarua wa reli, na njia ya pili ya kupishania, yenye urefu wa kutosha treni moja. Treni mbili zikikabiliana kwenye reli moja, mojawapo lazima iingie pembeni ingoje. Siku ile, saa kumi na moja alfajiri, simu kutoka Tabora ilimwambia aiingize treni ya abiria pembeni, aishikilie mpaka aambiwe vinginevyo. Treni za jeshi zinakuja. Asimwambie mtu zimebeba nini wala nani.

Ya kwanza ilipita saa mbili: mabehewa bapa yenye malori yaliyofunikwa maturubai. Ya pili saa nne, masanduku na magunia. Abiria walishuka, wakajaa kando ya reli kushangilia. Wengine waliwarushia mihogo ya kuchoma askari wachache waliosindikiza mizigo. Wakubwa wakapata habari, na simu ikalia tena. Treni ya tatu ina watu. Abiria wote warudishwe ndani, madirisha yafungwe, raia wasihesabu askari wanaopita. Na yule wa Tabora, kwa kuwa walizoeana, akaongeza kwa sauti ya chini: ni vijana wetu wa hapa, kikosi cha Tabora chote.

"Nikatoka na bendera, nikawaambia watu wapande. Wakapanda. Mama yako alibaki chini peke yake, ameshika mlango wa behewa. Alikuwa ameshanisikia nikizungumza kwenye simu, nadhani, au alikisia tu. Aliniuliza."

"Alikuuliza kwa maneno gani?" Apolinaria alisema.

Lukumani hakulitarajia swali hilo. Alifikiri atalaumiwa.

"Nataka maneno yake, baba. Bibi alikuwa mtu wa maneno machache, na baba alishindwa kumzungumzia. Hakuna hata siku moja niliyoambiwa neno lililotoka kinywani mwa mama yangu."

Yule mzee akafumba macho.

"Alisema: 'Ndugu mkuu wa stesheni, hiyo inayokuja inatoka Tabora. Mume wangu yuko jeshini Tabora. Je, yumo?' Nikamwambia sijui. Nilijua, mwanangu. Nilikuwa nimetoka kuambiwa dakika ile. Nikamwambia, dada, sijui, panda ufunge dirisha. Akasema: 'Sitaki kusema naye. Nataka anione tu, ajue kwamba nilikuja.' Nikamwambia panda. Akapanda. Dirisha lake nililivuta mwenyewe kutoka nje, maana lilikuwa zito."

Apolinaria aliinama, akaziba uso kwa viganja.

"Treni ikapita," Lukumani aliendelea, kwa kuwa sasa hakuweza kuacha. "Ilikuwa ndefu. Askari walijaa mpaka milangoni. Baada ya robo saa hivi bibi yako akaja mbio kwamba uchungu umekaza. Nikapiga simu Tabora, nikaomba waniruhusu kuiachia treni ya abiria, ikimbie naye hospitali. Wakakataa. Treni ya nne ilikuwa imeshaingia njiani, imebeba mizinga. Ningeiachia zingegongana. Hilo sina lawama nalo, na huyu mke wangu analijua. Ukazaliwa saa nane. Mama akavuja damu, ikawa haizuiliki. Saa tisa na nusu akafariki. Simu ikasema huenda tukasubiri siku mbili zaidi. Joto lilikuwa kali. Tukaona tumstiri. Vibarua wakachimba, katekista mmoja kati ya abiria akasali. Tulimaliza saa kumi na moja. Saa kumi na mbili simu ikalia, njia iko wazi, treni ya abiria iondoke."

Aliyesema baada yake alikuwa Bi Mwanajuma, na hakusema na mgeni.

"Nilimwosha mwanamke yule," alisema. "Wewe ulikuwa nje na bendera zako. Mimi nilimwosha. Ungekuja ukaninong'oneza mimi, ningemwambia. Mimi sikuapa kiapo cha reli. Ningesimama naye dirishani, na hao wakubwa wangenifunga wakitaka."

"Najua."

"Miaka arobaini na sita nalala na wewe kitanda kimoja."

"Najua, Mwanajuma."

Bi Mwanajuma akainuka kwa kupapasa ukuta, akamshika mgeni mkono, akaingia naye ndani. Apolinaria alilala kwao siku hiyo. Lukumani aliandaliwa chakula peke yake barazani.

Asubuhi walikodi gari la jirani yao Adinani. Apolinaria alikaa nyuma na Bi Mwanajuma, na msalaba wa mninga aliokuja nao kutoka Sikonge ukalazwa miguuni mwao, umefungwa gunia. Lukumani alikaa mbele. Barabara ya kaskazini ilikuwa na vumbi, na mashamba ya mahindi yalikuwa yameshakauka pande zote. Walipoacha barabara kuu Adinani aliendesha polepole kwenye njia ya baiskeli, mara mbili akashuka kuondoa magogo. Njiani Bi Mwanajuma alimuuliza mgeni habari za watoto wake. Alikuwa nao watatu, na shamba la tumbaku, na mizinga ya nyuki porini. Mumewe alikuwa fundi seremala. Ndiye aliyeuchonga ule msalaba.

Stesheni ya Itundwe ilikuwa imebaki kuta. Paa lilikuwa limeng'olewa, na chumba alimokuwa akikaa Lukumani na simu yake kilikuwa kimeota majani hadi kiunoni. Ile njia ya kupishania ilikuwa imefukiwa na mchanga, reli zake zikionekana hapa na pale kwa kutu. Reli kuu peke yake ndiyo iliyong'aa.

Lukumani aliwaongoza nyuma ya kambi ya vibarua. Alitembea kwa hakika mpaka akafika, kisha hakika ikamtoka. Palikuwa na vifusi viwili vya mawe, hatua kumi kutoka kimoja hadi kingine, vyote viwili vimezama na kuotwa na nyasi.

"Mmoja ni Hamadi, kibarua wetu aliyefariki mwaka uliotangulia," alisema. "Mwingine ndiye mama. Lakini kipi ni kipi..." Akaenda kwenye hiki, akarudi kwenye kile. "Mwanangu, nisikudanganye tena. Sijui. Safari hii ni kweli kwamba sijui."

Apolinaria alimtazama tu. Hakuonyesha hasira. Alionekana kuchoka.

"Nipelekeni nishike," alisema Bi Mwanajuma.

Apolinaria akamwongoza kwenye kifusi cha kwanza. Yule mama akapiga magoti, akapapasa mawe kutoka ncha moja hadi nyingine. Kisha akauliza, "Reli iko upande gani?" Akaonyeshwa. Akataka apelekwe kwenye kifusi cha pili, akafanya vilevile, bila haraka, akitoa majani kwa kucha.

"Hamadi alikuwa Muislamu," alisema. "Alizikwa akabili Kibla, kwa hiyo kaburi lake limelala likiipa reli kichwa. Ndilo lile la kwanza. Huyu mama walianza kumchimbia hivyohivyo, wakakutana na mzizi mkubwa wakashindwa, ikabidi wageuze, kaburi likaenda sambamba na reli. Nakumbuka, nilisimama nao nikiwa nimekubeba wewe." Akapiga kiganja juu ya mawe. "Ni hapa."

Adinani alichimba shimo kwa jembe alilolileta kwenye gari. Lukumani akaomba ausimamishe msalaba yeye. Apolinaria alifikiri kidogo, akamwachia. Mzee aliushika wima kwa mikono miwili huku udongo ukirudishwa na kushindiliwa, na hakuuachia hata Adinani alipomwambia umeshasimama. Apolinaria akasali Baba Yetu na Salamu Maria, akaita jina la mama yake, akamwambia kwa Kinyamwezi maneno ambayo Adinani na wazee wale waliyaelewa, lakini hakuna aliyeyarudia baadaye.

Kabla hawajaondoka alimwendea Lukumani.

"Baba," alisema, "kusema kwamba yameisha siwezi. Sijui bado. Ungeweza kunyamaza jana, nami nisingejua. Hilo nimeliona."

Lukumani akapangusa udongo viganjani, akamfungulia mlango wa gari.



Nyumbani Bi Mwanajuma hakusema naye kwa siku nyingi, isipokuwa mambo ya chakula na maji ya kuoga. Lukumani hakumharakisha. Barazani watu wa mtaa walipomwomba habari za vita alisema koo linamuuma, mpaka wakaacha kumwomba. Siku moja mwezi wa Julai mkewe aliketi karibu naye, akasema, "Nieleze tena alivyosema pale mlangoni." Akamweleza. Alimuuliza tena siku nyingine, na nyingine, kila mara maneno yaleyale, mpaka wakaanza kuzungumza na mengine.

Oktoba ilipokuwa ikielekea kwisha Apolinaria alipiga simu. Alisema siku ya kuwaombea marehemu wote, parokiani kwao Sikonge, misa itasomwa kwa ajili ya wazazi wake, majina mawili pamoja kwa mara ya kwanza. Alimwalika mama. Kisha akaomba apewe mzee.

"Na wewe uje," alimwambia.

Walikwenda kwa basi. Lukumani, katika kanzu yake, alikaa kwenye benchi nje ya kanisa, chini ya dirisha, na kutoka pale alimsikia padri akisoma orodha ndefu ya majina. Aliposikia Flavia na Emilian, moja likifuata jingine, alivua kofia.

Baada ya misa walikula kwa Apolinaria, wali na kuku. Watoto wake watatu, wa mwisho akiwa binti wa kidato cha nne aitwaye Consolatha, walikuja kuwaamkia wageni.

"Huyu bibi ndiye aliyenipokea nilipozaliwa," Apolinaria aliwaambia. "Na huyu babu ni mzee wa Itundwe. Alimwona bibi yenu Flavia, akazungumza naye."

Consolatha alikaa chini kwenye mkeka, mbele ya miguu ya mzee. Nyumbani kwao hapakuwa na picha yoyote ya bibi yule.

"Alikuwaje, babu?"

Lukumani alimtazama Apolinaria. Apolinaria akaitikia kwa kichwa.

"Alikuwa mfupi," alianza, "na alisimama wima ingawa mimba ilikuwa kubwa. Meno ya mbele yalikuwa na mwanya. Alivaa kanga mbili zisizofanana, ya juu nyekundu. Asubuhi, kabla ya yote, alikuwa akigawa karanga kwa watoto wa vibarua, na kuna mmoja alikataa kutoa mkono kwa aibu, akamchekesha mpaka akautoa."

"Alimchekesha vipi?" binti aliuliza.

Mzee akasogea mbele kwenye kiti, akawaonyesha.